Batoto ba Rughenda

Beni, tarehe 5 Februari 2024

Mademoiselle Mariette,

Jina langu ni Bertrand Kipasa. Mimi ndiye mchumi mpya wa afya katika bureau yetu ya Beni, mahali pa yule aliyerudi Kinshasa mwezi wa Desemba. Natoka Kikwit. Swahili yangu niliisomea Kalemie, kazini, kwa hiyo ukiiona ya kitabu mno, nivumilie. Nimekupigia simu mara sita; réseau inakata kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Basi tuandikiane. Sadrack, shofere wetu, anapita Butembo kila juma kuchukua kisanduku cha karatasi za damu. Barua zitasafiri humo.

Nimesoma daftari zako zote. Kazi unaijua kuliko mimi: unamchoma mtoto mchanga kisigino, tone la damu linakuonyesha palepale kama ni AA, mzima, au AS, mwenye nusu ya ugonjwa asiyeumwa, au SS, mgonjwa wa drépanocytose, yaani selimundu. Kisha karatasi ya damu iliyokauka inakwenda laboratoire kusomwa jeni yenyewe, ili kila mgonjwa apewe dawa kwa kipimo chake mwenyewe. Kazi yangu mimi ni swali moja tu: kumpata mtoto mmoja wa SS kunagharimu kiasi gani? Wafadhili wametupa vipimo elfu moja mia nane na dawa za watoto sitini. Mwezi wa Novemba watakuja kusikiliza jibu. Likiwa zuri, kipimo kitaingia katika maternité zote, nyumba zote za uzazi, za Kivu ya Kaskazini. Likiwa baya, tunafunga.

Ndiyo maana nakuomba kanuni ifuatwe neno kwa neno: watoto waliozaliwa katika maternité zetu tano za mji wa Butembo, kabla ya siku ishirini na nane. Wakubwa hapana, na wa kutoka nje hapana. Ukiingiza hata wachache, hesabu yote inaharibika.

Nakusalimu kwa heshima,
Bertrand Kipasa


Butembo, tarehe 10 Februari

Monsieur Bertrand,

Jambo sana. Sadrack anangoja ku mulango mupaka nimalize kujibu, donc unisamehe mwandiko.

Kanuni nimesikia. Mais niruhusu nikuambie kitu yenye kanuni haioni. Jana mwanamuke moja wa Masereka alifika na mutoto wa miaka mitatu mu mugongo. Mikono ya mutoto imevimba kama mikate. Mbele ya huyu alisha kuzika mwingine, na sasa eko na mimba ya miezi saba. Nilimwambia: "Mama, hapa tunapimaka paka bachanga ba mu mji tu." Aliniangalia, akaniuliza: "Basi mwenye atazaliwa mu mji atakuwa na damu ya namna ingine?" Alirudi na gari ya viazi.

Mimi napima batoto mia moja ba nyumba zenye hazijaonaka ugonjwa, napata mmoja, siku ingine sipate hata mmoja. Na mwenye ugonjwa eko nao mu nyumba, ule namurudisha. Wewe ni mutu wa hesabu. Hesabu ya namna hii inakupendeza? Nakuomba ruhusa ya kupima bandugu ya bagonjwa, hata bakiwa bakubwa, hata bakitoka mbali.

Mimi,
Mariette Kasika, infirmière (muuguzi)


Beni, tarehe 16 Februari

Dada Mariette,

Umeandika vizuri, na jibu ni hapana.

Nikiingiza familia ambazo tayari tunajua zina ugonjwa, namba itapendeza macho na haitatuambia kitu juu ya mama wa kawaida anayekuja kuzaa bila kujua ana nini ndani ya damu. Wafadhili wameuliza juu ya mama huyo. Yule wa Masereka mwelekeze hospitali. Najua watamwomba pesa ambazo hana. Hilo pia ninaliandika, katika safu nyingine.

Usinione mgumu. Mke wangu Clémence na binti yangu Elikia wamebaki Kinshasa. Hapa Beni kila asubuhi naanza kwa kuuliza kama waasi wameiacha barabara ipitike, na nani hakufika. Hesabu ndicho kitu pekee kinachokaa mahali nilipokiacha.

Bertrand


Mutwanga, tarehe 25 Februari

Mariette mudogo yangu,

Wasingya, aksanti kwa sabuni na chumvi, ilifika.

Mutoto wangu Bénite eko na miezi kumi na moja, na tangu siku ine hakamate kitu, juu bidole bimevimba. Analia sawa vile kaka yake Kataliko alikuwa analia mbele ya kufa, na sawa vile ule mwingine. Macho imekuwa manjano. Mama-mukwe anasema ni mimi. Anasema batoto ba nyumba yao habafake hivi, ni ba kwetu njo banakufaka. Juma iliyopita alileta mutu wa kuomba. Ule mutu alizunguka nyumba, akazunguka tena, kisha akasimama mbele yangu. Bwana yangu ananyamaza. Akinyamaza vile, ni kusema anafikiri.

Nasikia wewe unachoma batoto ba batu bisigino na unajua mara moja. Unajua ba batu. Wangu je?

Ukiniambia kuja, nitapanda pikipiki mupaka Beni, kisha gari. Usipojibu, nitajua na ile ni jibu.

Katungu


Butembo, tarehe 29 Februari

Yaya Katungu, dada yangu mukubwa,

Kuja.

Sadrack atapitisha hii barua kwa mutu wa pikipiki wa Mutwanga. Ukuje naye siku ileile kama barabara iko muzuri. Ukifika ku maternité ya Rughenda, usiseme Mutwanga. Sema unakaa Rughenda, nyuma ya kiwanja ya ndege. Wakikuuliza miezi ya mutoto, ujifanye haukusikia. Mimi mwenyewe nitaandika. Paka kitu moja tu siwezi kuandika uongo: kilo. Dawa inakatwaka kwa kilo ya kila mutoto. Nikipunguza, haitamusaidia. Nikiongeza, itamuumiza. Donc kilo itakuwa ya Bénite, na yote ingine itakuwa ya Rughenda.

Yaya, usimwambie mutu. Mimi sijakuwaka mutu wa uongo, unanijua. Nilituma habari kwa mama moja wa Masereka vilevile. Siwezi kufungulia dada yangu na kumufungia yeye.

Na ambia bwana yako hivi: hii ugonjwa haina mulozi wala muchawi. Mutoto anaipata nusu kwa mama, nusu kwa baba. Ikikosa nusu moja, haikuje. Umuonyeshe hii mustari kwa macho yake, kisha umuache aendelee kunyamaza.

Mariette


Beni, tarehe 16 Aprili

Dada Mariette,

Nina furaha ambayo sijaipata tangu nifike mkoa huu. Tazama: katika maternité zetu nne umepima watoto mia sita na kumi, ukapata wanane wa SS. Katika ile ya Rughenda peke yake: watoto tisini, SS kumi na saba! Nimehesabu mara nne. Kuna nini Rughenda? Mwenzangu mmoja anasema ni familia zilizotoka bondeni kwenye malaria nyingi, ambako damu ya AS humkinga mtu. Mwingine anasema ni ndoa za watu wa ukoo mmoja. Nimeandika kurasa tano juu ya jambo hili na kuzituma Kinshasa.

Uamuzi basi ni rahisi. Maternité ya karibu na soko imetumia vipimo mia mbili na ishirini na kupata mtoto mmoja. Juma lijalo vipimo vyake vyote vitahamia Rughenda. Tutawapata wagonjwa wengi zaidi kwa gharama ileile, na Novemba tutaketi mbele ya wafadhili bila aibu.

Niandikie unachokiona huko kwa macho yako.

Bertrand


Butembo, tarehe 19 Aprili

Monsieur Bertrand,

Rughenda haina kitu ya pekee. Iko na kiwanja ya ndege, mashamba ya mihogo, na batu sawa batu bote ba Butembo. Batoto tisini ni bachache, inaweza kukudanganya. Nakuomba usiondoe bipimo fasi ingine. Bamama ba kule sokoni, mwanzo balikuwa banakimbia tukisema damu, juu bangali banakumbuka mambo ya Ebola. Leo banaleta batoto benyewe. Ukifunga sasa, habatarudi.

Uliuliza naona nini kwa macho. Naona batoto bagonjwa. Nilianza barua ingine mbele ya hii, nikaipasula.

Mariette


Beni, tarehe 24 Aprili

Dada Mariette,

Unyenyekevu wako unakupendeza, lakini namba zimeshinda. Jana Sadrack alihamisha vipimo vya sokoni. Kinshasa wamefurahi sana na zile kurasa tano. Wameniambia jambo ambalo nitakusimulia likikamilika. Endelea hivyo hivyo.

Bertrand


Mutwanga, tarehe 18 Juni

Mudogo yangu,

Bénite alisimama! Alishika kiti, akasimama, akatuangalia sawa vile ni sisi tulikuwa tumechelewa. Miezi miwili yote hajalia bidole. Namupa dawa kila siku vile ulinifundisha.

Bwana yangu alisoma ile mustari. Alichukua siku tatu. Kisha akaenda kwa mama yake, sijui alisema nini kule, mais mama-mukwe hakuja tena na mutu wa kuomba. Akinisalimia sasa, anaangalia chini.

Mariette, habari inatembea. Sikusema kwa mutu, mais mutoto mwenye alikuwa anakufa na sasa anasimama, batu banamuona. Bamama batatu baliniuliza njia ya Rughenda. Nilibaambia. Ningenyamaza namna gani?

Katungu


Butembo, tarehe 11 Oktoba

Papa Elikia,

Nakuita kwa jina ya binti yako juu hii barua siiandikie bureau.

Juzi mama moja, Shekinah, alileta mutoto ku kituo. Ni muuzaji wa makayabu, samaki ya chumvi, mu soko. Bwana yake Éphraïm ni seremala. Mutoto anaitwa Jephté, miezi mitano na siku kumi, wa kwanza wao. Tumbo ilikuwa ngumu upande wa kushoto, na midomo nyeupe. Wengu ilikuwa imekunywa damu yake yote. Tulitafuta damu ya kumuongezea. Mbele ifike, alikuwa amekwisha. Mama yake alikuwa angali anamuvalisha soksi.

Nilipima damu yake kisha. SS. Mu familia zao hakuna mutu alisha kusikia hata jina ya ugonjwa.

Alizaliwa tarehe 29 Aprili ku maternité ya karibu na soko. Siku sita mbele yake, bipimo ya pale ilikuwa imeondoka. Kama tungemupima, angekamata dawa ya kumukinga, na Shekinah angefundishwa kumugusa tumbo kila asubui na kukimbia ikiwa ngumu. Angekimbia. Anakaa dakika kumi na kituo.

Sasa sikia. Rughenda haina kitu. Kati ya batoto kumi na saba benye ulifurahia, kumi na bane hapana bachanga na hapana ba mu mji. Ni ba Masereka, ba Mutwanga, ba Lubero. Ni bandugu ya batoto benye balisha kuumwa ao kufa. Mmoja ni mutoto wa dada yangu. Mimi njo niliandika Rughenda na siku za uongo. Leo bamefika makumi tatu na moja. Nilikuwa najiambia nachukua dawa yenye imekaa bure mu sanduku. Sikujua kama nachukua kipimo ya mutoto mwingine.

Hapana. Nilijua. Siku uliandika unaondoa bipimo, nilijua, na nilipasula barua.

Fanya yenye unapaswa kufanya.

Mariette


Beni, tarehe 15 Oktoba

Dada Mariette,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na hadi sasa sijakaa vizuri.

Usimwandikie mtu mwingine. Usiende kwa yule mama. Wafadhili wanafika tarehe 12 Novemba. Acha ziara ipite, kisha tutarudisha vipimo sokoni kimya kimya na kurekebisha daftari kidogo kidogo. Ukisema sasa, watafunga kila kitu, na watoto wako thelathini na mmoja watakosa dawa pamoja na wale wa kweli.

Nawe unisikie. Tarehe 20 Aprili, mfamasia wetu aliniletea karatasi yako ya kilo ili agawanye dawa. Aliniuliza: "Chef, mtoto mchanga wa kilo tisa, umeshamwona wapi?" Wa chini yake alikuwa na kilo kumi na mbili. Nilimjibu ni kosa la kalamu, nikatia sahihi. Juma lile lile Kinshasa walikuwa wameniahidi kazi huko, kwa sababu ya zile kurasa tano juu ya Rughenda. Elikia ana miaka saba. Ananiuliza katika simu kama bado nina ndevu. Sikutaka kujua, basi sikujua.

Uliniomba nisiviondoe vipimo. Niliviondoa nikiwa nimeziona kilo. Usibebe peke yako. Lakini nyamaza, nakuomba.

Bertrand


Butembo, tarehe 22 Oktoba

Papa Elikia,

Nilienda.

Éphraïm alikuwa anapiga randa mu lopango, kiwanja ya nyumba yao. Shekinah alikuwa anakunja manguo ya mutoto juu ya kitanda, moja moja. Balinipa kiti. Sikukaa. Nilisema yote nikisimama, bipimo, Rughenda, dada yangu, hata ile barua ya kupasula.

Éphraïm aliweka randa chini. "Siku ile babeba bipimo," aliniuliza, "ilikuwa imebaki ngapi pale?"

"Makumi ine na tatu."

"Na mutoto wetu alikuwa na lazima ya ngapi?"

"Moja."

Alitoka inje. Tulisikia anaanza kupiga randa tena, kwa nguvu, sawa mutu mwenye anataka kumaliza ubao yote.

Shekinah hakulia. Aliniuliza kama mutoto wa dada yangu anaishi. Nikasema anaishi, anatembea. Kisha akasema: "Basi asikufe na yeye." Hakusema kwa upole. Alisema tu.

Nilitaka kuaga. Akanizuia.

"Eleza tena. Inatoka nusu kwangu, nusu kwa Éphraïm?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii nusu yangu, niliipata lini?"

"Ulizaliwa nayo."

"Kumbe nilikuwa nayo kila siku nilikuja consultation na mimba? Mulipima kilo yangu. Mulipima mukojo. Mulinichoma kidole juu ya malaria, mukanichoma juu ya sida, ukimwi. Damu yangu ilikuwa pale mbele yenu! Mulikuwa munangojea nini? Juu ya nini kungojea mutoto, na mungenipima mimi?"

Papa Elikia, pale njo nilikaa chini. Tangu Februari mimi na wewe tunabishana juu ya batoto: ba mu mji, ba inje, bachanga, bakubwa. Mama habadilishake damu. Ukimupima mara moja, umepima mimba zake zote. Akiwa AA, hata azae kumi, hakuna SS. Hii hesabu yako, Shekinah aliifanya juu ya kitanda, na manguo ya mutoto mu mikono.

Siwezi kunyamaza tena. Barua yangu ya tarehe 11 nimeiandika upya, na jina yangu muzima na sahihi. Iko mu kisanduku. Usipobapatia bafadhili, nitapanda gari nikuje Beni mwenyewe tarehe 12.

Mariette


Beni, tarehe 14 Novemba

Dada Mariette,

Nimewapa wafadhili. Barua yako, na yangu juu yake, ili waanze na yangu.

Mkubwa wa ujumbe wao alisoma mpaka mwisho. Akauliza: "Nani mwingine anajua?" Nikamjibu: "Mama wa mtoto." Alifunga kompyuta yake.

Halafu nikaomba ubao. Nikawaonyesha hesabu ya Shekinah. Nilimtaja kwa jina, sikuona haki kuiita yangu. Katika kina mama mia, karibu themanini watakuwa AA: kipimo kimoja, na kazi imekwisha kwao na kwa watoto wao wote. Wale wanaobaki tunawapima na waume zao. Baba na mama wote wakiwa AS, hapo tu ndipo tunamngoja mtoto. Mama wa huku anazaa mara sita au saba. Tulikuwa tunampangia vipimo sita au saba. Sasa ni karibu viwili. Na ndugu za wagonjwa wanapimwa bila kudanganya kwao ni wapi, maana daftari zako, kwa uongo wake wote, zimeonyesha kwamba huko ndiko walipo.

Mzee mmoja kati yao aliniuliza: "Na mwanamke akionekana AS, mume wake atamfanya nini?" Hapo sikuwa na hesabu. Nakuuliza wewe.

Uamuzi ni huu. Mwaka mmoja, maternité mbili, ile ya sokoni ikiwa ya kwanza. Watoto wote walioanza dawa, hata wale wa Rughenda yako, wataendelea miezi kumi na miwili. Nilipigania zaidi, sikupata. Wewe huruhusiwi tena kushika daftari wala kutia sahihi. Unaweza kubaki kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, au kuondoka. Mimi nimeandikiwa lawama katika faili, na ile kazi ya Kinshasa amepewa mwingine. Nilimwambia Clémence. Alijibu katika simu kwamba Elikia ameng'oka meno mawili ya mbele, na kwamba yatakuwa yameota kabla sijamwona.

Sijui kama tumefanya vizuri. Najua tu kwamba leo niliipa karatasi ya kilo jina lake la kweli: haikuwa kosa la kalamu.

Bertrand


Butembo, tarehe 17 Januari 2025

Papa Elikia,

Nilibaki. Batu benye banatoka upande wa Lubero banapita hapa na magodoro ku kichwa, kila moja na habari yake ya vita, na hata infirmiers bengine bamesha kufunga mizigo. Mimi nilifungua yangu.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya kupima bamama ku maternité ya sokoni. Syauswa, mudogo wetu mupya wa kazi, njo anashika daftari. Mimi napangusa bidole na kuchoma. Bamama makumi tatu na bane balikuwa mu benchi. Syauswa alieleza muzuri, AA, AS, SS, na hakuna mutu aliinuka. Nilisikia moja anaambia mwenzake: "Wakikuandika AS, bwana anakurudisha kwa baba yako." Bane balibeba mifuko yabo, bakaenda. Uliniuliza waume batafanya nini. Jibu ilikuwa inatoka mu mulango mbele ya macho yangu.

Kisha Shekinah akaingia, na Éphraïm nyuma yake, na vumbi ya mbao mu nywele. Mwanaume mu consultation ya bamama, unajua vile inakuwaka. Hakukaa. Alisema hivi, nakuandikia sawa vile alisema:

"Bamama, mimi ni Éphraïm, seremala. Mwana wangu Jephté alikufa mwezi wa kumi. Baliniambia ni damu ya mama yake. Ni uongo. Nusu ilikuwa yake, nusu ilikuwa yangu. Kama kuna mutu wa kurudisha kwa baba yake, banirudishe na mimi." Kisha akanipa kidole. "Anza na hii."

Nilimuchoma. Syauswa alisoma kwa sauti, juu Éphraïm alimuomba asome kwa sauti: AS. Mama moja mwenye mimba kubwa alipiga simu palepale. Nilisikia anasema: "Kuja sasa, uache hiyo mizigo. Hapana, sijazaa. Kuja tu." Wengine bakaanza kupiga simu.

Haikukuwa bote. Bamama bawili, baume zao balikataa, na bale bane habakurudi. Kesho nitaenda kubatafuta nyumba kwa nyumba. Mais saa sita ilikuta wanaume saba mu benchi ya bamama, kila moja anaangalia kidole chake sawa vile anakiona mara ya kwanza.

Shekinah alikuwa wa mwisho. Tangu Oktoba hatujasemeshana, na jana vilevile hakunisalimu. Sikukuwa na lazima ya kumupima, damu yake naijua, na yeye anajua kama naijua. Alifunua mukono mbele ya bamama bote na akaweka kidole mu mukono yangu. Ilikuwa baridi. Nilikipangusa, na yeye hakuangalia upande ingine.

Mariette